Mwalimu Aliyefundisha Mashini Kusoma

Mwaka ule sambaza, dagaa wetu, zilikosa ziwani. Tulikula bukari, ugali wetu, na lengalenga, mboga ya majani, saa sita, bukari na lengalenga jioni, mpaka mjukuu wangu akanitolea ulimi akiuliza kama umekuwa wa kijani. Waliojiweza walikula makayabu, samaki wa chumvi: wanayaloweka, wanamwaga maji, wanayaloweka tena, na bado wanashinda wanakunywa maji sawa vile ng'ombe. Mwaka huo wa lengalenga ndio Mwalimu alihamia pembeni yangu, hapa Kasha, huku juu Bagira, Bukavu. Ukuta wetu ulikuwa mumoja. Akikohoa kwake, miye nasema pole kwangu.

Jina lake sitalitaja. Hapa kwenye avenue, mutaa wetu, hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mwalimu kwa wauza makaa, Mwalimu kwa walevi, Mwalimu kwa mama mukwe wa shefu wa avenue ambaye hamuheshimu mutu. Alikuwa murefu, mukavu, miwani imefungwa na uzi mweusi upande mumoja, kitenge amekikaza kiunoni kama mutu anayekwenda kupigana. Alifundisha mambo ya mashini, kompyuta, kwenye shule ya sekondari. Darasa zima lilikuwa na mashini tatu, na moja kati ya hizo tatu ilikuwa imeng'oka kitufe cha A, wanaibonyeza kwa kijiti cha kiberiti. Kijiti kile alikitunza kuliko alivyotunza viatu vyake.

Watu watashangaa miye kuandika juu ya mutu wa namna hiyo. Nilisoma mpaka darasa la tatu, halafu baba akasema inatosha, mutoto mwanamuke anajua sasa kusoma jina la dawa. Lakini nilikaa na huyu Mwalimu miaka, nilimuona akifurahi na nilimuona akinuna, nikagombana naye ugomvi wa kweli, na leo nikisikia watu wa Ibanda, kule chini mujini, wanasema kwamba huku juu Bagira hakuna kitu isipokuwa vumbi na kelele, ninawaambia: huku ndiko alikaa mwanamuke aliyefundisha mashini kusoma.

Nieleze kwa namna alivyonieleza miye, nikichagua maharagi kwenye lungo.

Mashini inakula namba tu. Kuna namna moja ya programu, inaitwa WebAssembly. Jina hilo nililifanyia mazoezi kama sala ya Kilatini, ulimi ukakataa, nikabaki na "wasimu", na Mwalimu akasema wasimu inatosha. Programu ya wasimu iko na sura mbili. Sura moja ni ya namba, ya mashini, mutu akiiangalia anaumwa kichwa. Sura ya pili ni ya maandishi, maneno na mabano, mutu anaweza kuiandika kwa kalamu. Sawa vile muhogo na unga wake: kitu ni kimoja, sura ni mbili. Sasa kulikuwa na kazi ya pamoja, watu wa nchi nyingi wanaijenga bila kuonana, sawa vile salongo yetu ya Jumamosi, kazi ya kusafisha mutaa, kila mutu anakuja na jembe lake. Kazi yao ilikuwa kujenga maktaba, si ya vitabu, ni ya vyombo vya kuendesha hizo programu. Lakini maktaba ile ilikula unga tu. Ukiiletea maandishi inafunga mudomo. Ilikuwa lazima kwanza upitishe maandishi kwa chombo kingine cha kusaga, kizito, cha kushushwa kwa intaneti, na intaneti ya Kasha munaijua. Wanafunzi wa Mwalimu waliandika programu nzuri kwenye madaftari, halafu zinabaki kwenye madaftari, hakuna kinu.

"Maman," akaniambia, "mutoto anapika, halafu hawezi kuonja. Utamufundisha namna gani?"

"Kinu kikiwa mbali, kileteni karibu," nikasema, maana kusema ni bure.

"Ndivyo nitafanya. Maktaba yenyewe itasaga."

Hiyo ndiyo kazi yake. Kuiongezea maktaba ile meno.

Na miye nilikuwa na njaa yangu. Mjukuu wangu Nsimire, niliyemulea toka anatambaa, alikuwa mwanafunzi wake. Mutoto wa akili na uvivu, vyote viwili Mungu alimupimia kwa ukarimu. Alitaka kuingia chuo kimoja cha mambo ya mashini, na chuo kile hakikutaka pointi za shule tu. Kilitaka kazi moja yenye jina lako, iliyopokelewa na watu wasiokujua. Ni hivyo tu. Watu wasiokujua! Hapa Kasha kila mutu anatujua, hata mbuzi. Kwa hiyo nilipoelewa kwamba kazi ya Mwalimu inakwenda kwa watu wa mbali, na kwamba majina ya waliofanya yanaandikwa pale, nilianza kumupelekea Mwalimu maharagi kila nilipoyapika. Sifichi. Alikula, akasema aksanti, na Nsimire akamupa kipande kidogo cha ile kazi akifanye mwenyewe.

Tuseme juu ya namna yake ya kufanya kazi, maana hiyo sijaiona kwa mutu mwingine.

Courant, umeme, ikikatika, na hapa inakatika sawa vile mutu anapepesa macho, hakulalamika. Alichukua daftari la musitari na kalamu ya risasi, akaendelea kuandika maneno ya mashini kwa mukono. Ndiyo. Kurasa na kurasa. Courant ikirudi ananakili. Akiwa na kazi ya kutuma anashuka Ibanda, maana kule intaneti inasimama kwa miguu yake. Mashini yake mwenyewe aliibeba ndani ya kikapu, juu yake ametandika majani ya sombe, kisamvu, mabichi, yenye umande. Mwizi gani wa Bukavu ataiba sombe? Siku moja mama mumoja alimufuata toka soko la Nyawera anataka kununua yale majani, anashika kikapu, Mwalimu anavuta, watu wanajaa. "Mwalimu, punguza uchoyo, uzia mwenzako sombe!" Alirudi amekumbatia kikapu kwa mikono miwili. Akanipa yale majani yote nikayatwanga, na sombe ya siku ile ilikuwa tamu kuliko sombe zote, labda kwa sababu ya woga.

Alikuwa na maneno yake. Mutoto akisema "Mwalimu, mashini inanichukia," yeye anajibu: "Mashini haina huruma, lakini haina kiburi. Soma tena." Mwingine akibishana kwamba ameandika vizuri, anamuambia: "Usisome ile ulitaka kuandika. Soma ile uliandika." Hilo la pili nimelitumia kwa mambo mengi, hata kwa wanaume.

Na mabano. Ee Mungu, mabano! Maandishi ya wasimu yamejaa mabano: moja linafunguka, ndani yake lingine linafunguka, ndani yake lingine, halafu yote lazima yafungwe, la ndani kwanza. Wanafunzi wakipotea, aliwaleta kwenye uwanja wangu saa ya kuchagua maharagi. Mumoja anasoma kwa sauti, alama kwa alama. Akisema "fungua", unatia haragi kwenye bakuli. Akisema "funga", unatoa. Mwisho bakuli lazima liwe tupu. Likibaki na haragi, kuna mulango haujafungwa. Likikosa haragi la kutoa, kuna mutu amefunga mulango ambao haupo.

Kushika bakuli alinipa miye. Si Nsimire, si mwanafunzi wa kwanza wa darasa. Miye.

Siku moja kaka mukubwa wa Mwalimu, muzee aliyestaafu kazi ya inspekta wa shule, alikuja kumutembelea kutoka Kadutu. Tai shingoni kwenye jua lile. Akatukuta na bakuli.

"Mwalimu, haya ni masomo ao ni jikoni?"

"Yote mawili, muzee. Chukua karatasi hii, isome, uniambie kama iko sawa."

Muzee akavaa miwani, akaisoma yote, akatingisha kichwa. "Iko sawa kabisa. Kazi safi."

"Maman, tuone."

Nsimire akasoma alama kwa alama, miye ninatia, ninatoa. Mwisho nikaangalia ndani. Haragi moja, jekundu, limelala kwenye bakuli kama yai.

"Ile moja umeongeza," muzee akasema.

"Miye? Nilianza kuchagua maharagi kabla weye haujavaa tai!"

Watoto wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Wakahesabu tena, haragi likabaki tena. Hapo Mwalimu akasema jambo ambalo sijalisahau. Akasema: "Muzee anajua kusoma, kwa hiyo akili yake ilijaza penye kukosekana, yeye mwenyewe hakujua. Maman haelewi lugha hii, kwa hiyo hadanganywi nayo. Mashini iko kama maman."

Mutu mwingine angekasirika kufananishwa na mashini. Miye nilitembea wiki nzima shingo ndefu kama korongo. Nilikwenda misa nikiwa na shingo ile.

Sasa musifikiri alikuwa mutakatifu. Mwanamuke aliyetaka kila bano lifungwe alikuwa hafungi mulango wake. Mbuzi wa jirani waliingia wakala karatasi zake za mtihani mara mbili. Sufuria zake hazikuwa na mifuniko. Aliweza kukaa asubuhi nzima na kosa moja la mashini, sauti yake haipandi hata kidogo, halafu motari, mutu wa pikipiki, akimuchelewesha anamuporomoshea maneno ambayo miye, mujane, nilijifunza kwake. Aliwaambia watoto wasikimbilie majibu, na yeye chakula alikimeza bila kukitafuna. Alisema hapendi wimbo wa kwaya yetu, kwamba ni kelele, lakini akifua nguo nilimusikia kupitia ukuta anauimba, na sauti ya pili, bila kukosea.

Wale watu wa mbali walimurudishia kazi. Mara ya kwanza wakasema ni kubwa sana, aikate vipande, kila kipande kisimame chenyewe. Nilikuwa pale akinisomea, anageuza Kiingereza chao kwenye Kifaransa, halafu Kifaransa kwenye Kiswahili changu. Nilikasirika kwa niaba yake.

"Wanakudharau!"

"Hapana, maman. Ungeletewa ng'ombe muzima kwenye sahani, ungemulia wapi?"

Akakata. Kipande cha kwanza, kazi ya kukata maandishi kuwa maneno, hili jina, hii namba, hili bano. Kipande cha pili, kuelewa mabano. Kipande cha tatu, majina. Hapo paliumiza, maana katika maandishi yale mutu anaweza kumuita mwenzake kwa jina kabla mwenzake hajatokea kwenye ukurasa. Ilikuwa lazima mashini ipite mara mbili: mara ya kwanza kukusanya majina yote, mara ya pili kuwakalisha wenyewe kwenye viti vyao. Wakamurudishia tena. Wakasema: meno haya yasiwe ya lazima, maana kuna watu wanabeba maktaba ndani ya mashini ndogo sana, hawataki uzito; atakaye meno ayavae, asiyetaka ayaache. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akasema wamesema kweli, akafanya.

Na kipande cha Nsimire? Kilikuwa kidogo: kuifundisha mashini iruke yale maneno ambayo mutu ameandika kwa ajili ya watu wenzake, ya kueleza tu, si ya kutendwa. Kila siku miye bibi yake, koko kwa mudomo wake, nilimuuliza.

"Nsimire, kile kipande?"

"Koko, kesho."

"Nsimire?"

"Koko, kinakwenda."

Kilikuwa hakiendi. Alikuwa ameanza, akagonga mahali pagumu, maelezo yaliyolala ndani ya maelezo mengine, akakiacha, akaanza kufuata mazoezi ya dansi ya arusi ya rafiki yake. Mwalimu alimungoja. Alimukumbusha mara moja, mara moja tu, halafu akafuta zile herufi chache, akakifanya mwenyewe toka mwanzo. Hakutuambia. Tulikisikia kimepita pamoja na vingine, siku ile alipopanda kutoka Ibanda anatembea haraka, kikapu kwenye mukono, sombe zimenyauka, akasimama kwenye mulango wangu akasema neno moja tu: "Wamepokea."

Nilipiga vigelegele. Majirani wakafikiri kuna mutoto amezaliwa, wakaja, na miye nikawaambia ndiyo. Siku ileile akachukua daftari la mwanafunzi mumoja, akaandika maandishi yale kwenye mashini ya kijiti cha kiberiti, bila kinu, bila kushusha kitu, na mashini ikatoa jibu. Jibu lilikuwa namba tu, sikumbuki ngapi. Lakini yule mutoto aliyeandika daftari alishika kichwa na mikono miwili, anapiga kelele, "Imenisoma! Imenisoma!" Mwalimu akageuka akaangalia dirisha. Hapakuwa na kitu dirishani.

Ndipo nilipoona mulango wa chuo uko wazi. Karatasi za Nsimire zilikuwa zinakwenda chuoni wiki ile. Na hapa lazima niwaeleze tabia yetu, ili musinihukumu vibaya.

Salongo ya Jumamosi, shefu wa avenue anapita na daftari, anaandika waliofika. Na hapa kwetu kila anayefika anaandikisha wenzake. "Shefu, niandikie na dada yangu, ana homa." "Niandikie na Papa Furaha, ameshuka soko." Papa Furaha amelala, shefu anajua amelala, anamuandika. Ni upendo. Mutu asiyeandikisha jirani yake tunamuangalia kwa jicho la kando. Miye sikuona tofauti. Kazi ya pamoja ni kazi ya pamoja, jina ni jina.

Nilimukuta anafua. Nikaweka sufuria ya maharagi chini, nikakaa kwenye jiwe.

"Mwalimu, majina ya kazi ile yanaandikwa?"

"Yanaandikwa, maman."

"Muandike na mutoto."

Akaendelea kusugua kola ya shati.

"Alianza," nikasema. "Weye mwenyewe ulimuona akianza. Na miye nilishika bakuli. Karatasi zinakwenda wiki hii, Mwalimu. Jina tu. Utapunguza nini?"

Akaacha kusugua. Akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kwa kidole, halafu akaniangalia, na macho yake hayakuwa ya ukali, ningependa yangekuwa ya ukali. Akasema:

"Hapana, maman. Jina haliandikwi mahali mukono haukupita."

Nilisimama. Mudomo wangu munaujua. "Ee? Na weye? Jumamosi ngapi nilikuandikisha kwa shefu, umeinama kwa mashini yako, miye niko na jembe kwenye mufereji ninasema 'na Mwalimu, shefu, na Mwalimu'? Mukono wako ulipita wapi?"

Akarudi kwa kola ya shati. Nikachukua sufuria yangu, na maharagi yake ndani, nikaingia kwangu. Niliyala peke yangu yote, nikaumwa tumbo.

Jumamosi iliyofuata haikuwa siku ya salongo, mvua ilikuwa imevuruga mambo. Asubuhi nikasikia jembe. Nikatoka. Mwalimu yuko ndani ya mufereji, kitenge kimepandishwa, miwani imejaa matope, anafukua taka peke yake. Shefu amesimama juu amechanganyikiwa.

"Mwalimu, leo hakuna salongo."

"Ninajua, shefu. Hizi ni Jumamosi zangu za zamani. Maman pale anayo idadi."

Watu walitoka kumuangalia sawa vile wanaangalia wazimu. "Mwalimu, ongeza nguvu!" "Mwalimu, kwangu pia kuna taka!" Alikuwa mubaya kwa jembe, sijawahi kuona mutu mubaya hivyo, analishika kama kalamu. Aliendelea Jumamosi hiyo na Jumamosi nyingine na nyingine. Nilitaka kusema inatosha. Nilijua idadi niliyomupigia kelele kupitia ukuta haikuwa ya kweli, nilikuwa nimeongeza kwa hasira. Nikaenda kando ya mufereji nikamuambia hivyo. Akapumzika juu ya jembe.

"Ilikuwa ngapi basi, maman?"

"Imebaki moja."

"Basi nimalize hiyo moja."

Nsimire aliona yote kupitia dirisha. Alikuja na jembe lake akataka kushuka. Mwalimu akamunyooshea mukono amuzuie: "Hapana, weye hauna deni hapa. Deni lako liko kwa mashini." Mutoto akarudi ndani. Akaniambia, bila mutu kumuuliza: "Koko, kipande kile nilikiacha. Si kwamba alininyang'anya. Nilikiacha." Kuna siku mutoto anakua mbele yako ukiwa umesimama mulangoni, na hauna hata kiti cha kukalia.

Mwaka ule chuo hakikumuchukua.

Alikaa mwaka muzima nyumbani, na dansi ikaisha. Alianza kusumbuliwa na jambo moja. Yale meno ya Mwalimu yalikuwa mazuri, lakini ukisahau kufunga bano, mashini ilikuambia tu: maandishi yamekwisha kabla ya wakati. Inakuonesha musitari wa mwisho. Lakini kosa haliko mwisho! Kosa liko kule juu, mahali mulango ulifunguliwa. Wanafunzi wadogo walitafuta mpaka wakalia. Nsimire akaja akakaa na bakuli langu. Badala ya kutia haragi tupu, akachora kwenye kila haragi namba ya musitari ambapo mulango ulifunguka. Mwisho, haragi lililobaki linasema lenyewe: miye ni wa musitari wa saba. Akaifundisha mashini kukumbuka vile. Alirudishiwa mara mbili. Alilia mara moja. Alishuka Ibanda na kikapu, ndiyo, na majani ya sombe juu. Wakapokea. Leo mutu yeyote akisahau kufunga mulango kwenye maandishi yale, hata awe wapi, mashini inamuambia ni mulango gani. Na ile akili ilitoka kwenye lungo langu, hapa Kasha, jueni hivyo.

Chuo kikamuchukua. Nilipika mpaka ukuta ukatoa jasho.

Lakini upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya. Mwalimu alikuwa ameshaondoka, mama yake alikuwa mugonjwa kule kisiwani Idjwi, akaenda kumuuguza, akabaki anafundisha kwenye shule ya huko. Nilikuwa sijamuaga vizuri. Tulisalimiana tangu mufereji, tulikula pamoja, lakini kulikuwa na neno limebaki kooni mwangu.

Kwa hiyo nikapanda boti ya injini. Miye, ambaye maji ninayapenda kwenye ndoo. Nilitapika toka tunaacha bandari mpaka kisiwa kinaonekana, mama mumoja wa Idjwi amenishikia kilemba anasema, "Maman, ziwa halijakufanyia kitu bado, umeanza kulilipa?" Nikafika, nikapanda kilima, nikaulizia Mwalimu. Hata kule hawakumuita jina.

Alikuwa kwenye uwanja wa nyumba ya mama yake, anamenya mananasi, mikono imejaa maji yake mpaka viwiko. Nywele zimeanza kuwa nyeupe mbele. Miwani bado na uzi. Alisimama akanikumbatia akiweka mikono mbali ili asinichafue, halafu akasahau, akanichafua.

"Maman! Ziwa limekuacha upite?"

"Limenichoka."

Tukakaa. Nikamuambia habari yote ya Nsimire, tangu haragi lenye namba mpaka barua ya chuo. Alisikiliza bila kunikata, kisu kimesimama hewani. Nilipofika kwenye musitari wa saba alicheka, akapiga goti lake na kiganja, akasema, "Kwenye haragi! Mutoto yule! Miye sikufikiri vile." Akasema tena, polepole: "Miye sikufikiri vile." Nilimuona ana fahari ambayo mutu hawezi kuifunika, hata akikaza kitenge.

Hapo nikamupa ujumbe niliotumwa.

"Mwalimu, mutoto amesema hivi. Watu wale wanaruhusu majina mawili kwenye kipande kimoja. Anataka aandike jina lako pamoja na lake. Anasema kila kitu alichojua kilitoka kwako. Sema ndiyo tu, yeye atafanya."

Mama yake alikohoa ndani, Mwalimu akageuza kichwa, akasikiliza, akarudi kwetu. Akakata nanasi kipande kinene, akanitilia mukononi.

"Weye ulichimba kisima," nikasema, nikiwa ninasihi sasa. "Yeye alichota tu. Kubali, mwanangu. Kubali kwa ajili yangu."

Akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kwa kidole. Akaniangalia.

"Hapana, maman. Jina haliandikwi mahali mukono haukupita."